Utitiri katika banda langu la kuku la Nkuhungu, Dodoma

Nilianza kushuku jambo pale mtetea wangu aliyekuwa akiatamia mayai 11 alipoyakimbia usiku, ilhali siku zote huwa hasogei hata ukimgusa. Asubuhi nilimkuta upanga wake wa kichwani umepauka kabisa, na nilipomchunguza manyoya sikuona mdudu hata mmoja. Siri ya utitiri mwekundu ni hiyo: mchana hujificha katika nyufa za banda, na usiku ndipo hutoka kunyonya damu.

Nilirudi saa tatu usiku na tochi. Nilipopitisha karatasi nyeupe chini ya fito wanazolalia kuku, ilitoka na michirizi myekundu ya damu, na kwenye kifundo kimoja cha ufito utitiri ulikuwa umerundikana kama vumbi la pilipili linalotembea.

Nilitoa matandiko yote nikayachoma, nikamwaga maji ya moto katika kila ufa, kisha nikaziba nyufa za udongo na kupaka chokaa. Dawa ya unga niliinunua kwa ushauri wa ofisa mifugo, nikairudia baada ya siku 7, kwa sababu mayai ya utitiri hayafi kwa urahisi na katika joto letu la Oktoba kizazi kipya hukomaa ndani ya wiki moja hivi. Wengi hukosea hapo. Kuhamisha kuku pekee hakusaidii, kwani utitiri huweza kukaa miezi kadhaa bila chakula ukiwasubiri warudi.

Mtetea yule sasa anaoga majivu kila adhuhuri, na upanga umeanza kurudisha wekundu wake.