Siku moja maishani mwangu: Damu inapokataa kuganda

Saa 12:30 asubuhi. Hata chai sijanywa, niko chumba cha sungura. Nawatazama mmoja mmoja: amekula? Nani amejikunyata? Aliyejikunyata hatumiwi leo, hata kama zamu ni yake. Nabadilisha maji na nyasi, napima uzito.

Saa 3. Maabara yetu Nairobi inachunguza sumu ya nyoka mdogo wa kaskazini kame mwa Kenya, yule anayesugua magamba yakakwaruza akitishwa. Sumu yake huilazimisha damu kugandaganda ndani ya mishipa mpaka fibrinojeni, protini inayoshikanisha bonge, inakwisha. Wakati huohuo mwili unayayeyusha mabonge hayo. Mchunga mifugo aliyeumwa naye huvuja damu kwenye fizi, na haikomi. Watu huniuliza mbona tunatesa wanyama. Sungura wetu hulazwa usingizi kwa dawa kabla ya kupewa sumu na hawaamki tena. Sampuli ya damu ikiharibika, uhai wa sungura umepotea bure, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Saa 4 nachota damu ya sungura aliyelazwa, kabla ya sumu na baada yake. Lazima itiririke bila kusita, la sivyo inaanza kuganda ndani ya sindano na kipimo kinadanganya. Sehemu 9 za damu, 1 ya sitreti, dawa inayozuia damu isigande kichupani; kichupa kijae hadi kwenye mstari.

Saa 6 na kitu umeme unakatika, sentrifuji, mashine inayozungusha damu ili kuitenganisha, ikiwa katikati ya mzunguko. Jenereta kimya. Plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, inatakiwa kupimwa ndani ya saa 4. Nakimbia kwa mlinzi: ufunguo anao fundi. Nampigia fundi: “Dada, nimekwama kwenye jam, nakuja.” Nampigia tena. Anakuja. Blanketi la umeme limepoa, namfunika sungura kwa mataulo. Nachota damu yake kidogo kwenye kichupa cha kioo, safi na kikavu, nakiacha dakika 20 bila kukigusa, kisha nakiinamisha. Inamwagika kama maji, haijaganda. Kipimo hiki hiki hutumika kwa walioumwa na nyoka kwenye zahanati zisizo na umeme, na leo nimekishukuru kweli.

Fundi anafika, sentrifuji inaunguruma, muda wa sampuli ya kwanza ukikaribia kwisha. Baada ya hapo saa siziangalii tena. Kwenye nyuzi 37, plazima iliyochotwa kabla ya sumu inaganda kwa sekunde chache. Ya mwisho, ya baada ya sumu, haigandi kabisa. Sampuli zilizobaki naziweka friza, kesho tutatafuta vipande vya mabonge yaliyoyeyuka.

Giza limeingia, miguu inawaka moto. Naandika namba ya sungura daftarini na mbele yake: sampuli zote zimesomeka.