Msitu mmoja, mto katikati: Semuliki na Ituri

Ukitoka Fort Portal kwenda Bundibugyo, barabara huizunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori, kisha hukuteremsha hadi bonde lenye joto na unyevu, kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo msitu wa Kongo unapopenya na kuingia Uganda. Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, iliyotangazwa mwaka 1993, ina kilomita za mraba 220 pekee. Mto Semuliki unaipakana, na ng'ambo ya mto ni Kongo: Watalinga na Boga, kusini kidogo ncha ya kaskazini ya Virunga, na magharibi zaidi msitu mkubwa wa Ituri. Zamani mtu angetembea chini ya miti kutoka mto huo hadi Epulu, ndani ya Ituri, na mbele zaidi. Siku hizi mashamba na barabara vimeukatakata, lakini ukitaka kuuelewa lazima bado uuhesabu kuwa msitu mmoja. Karibu kila kinachouhifadhi au kuumaliza kinavuka ule mto.

Utajiri wake una sababu ya kale. Enzi za barafu, Afrika ilipokauka na misitu mingi kugeuka nyika, wataalamu wanaona kwamba huku msitu haukutoweka. Viumbe vilijibana hapa na baadaye vikaenea upya. Ndiyo maana Semuliki, licha ya udogo wake, ina aina zaidi ya 400 za ndege, na kadhaa kati ya hizo huzipati popote pengine Uganda: ndege wa Kongo walioishia ukingoni mwa makao yao. Kuna hondohondo wa aina kadhaa, tembo wa msituni, nyati, mbega, na chevrotain wa maji, yule mnyama mdogo wa kando ya vijito anayejitosa majini akifukuzwa na chui. Upande wa Uganda mti unaotawala ni muhimbi, mgumu kiasi kwamba hufanya msumeno upoteze makali kabla ya saa kwisha.

Anayetaka kuwaona ndege hao asiridhike na chemchemi za maji moto za Sempaya, ingawa maji yake huivisha yai barabara. Njia ya Kirumia ndiyo yenyewe: kilomita 15 hadi ukingoni mwa mto. Kwenda na kurudi siku moja ni kujichosha bila kuona kitu, maana ndege husikika zaidi alfajiri na mtu anayekimbizana na saa hasikii. Lala njiani na askari wa hifadhi, chukua viatu vya mpira virefu hata kama mvua haijanyesha, na chomeka suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.

Ituri nako mti mkuu ni mbau. Kuna sehemu ambako karibu miti yote mikubwa ni mbau mitupu. Majani yake ni mapana na hukawia kuoza, hivyo chini kuna zulia nene na giza. Miche ya miti mingine haipenyi kirahisi. Mbegu ni nzito, huangukia karibu na mti mama, na miaka ya mavuno makubwa nguruwe wa msituni na wanyama wengine hukusanyika kuzila. Mche wa mbau huvumilia kivuli miaka mingi ukisubiri nafasi. Kwa hiyo msitu wa mbau ukifyekwa wote haurudi kama ulivyokuwa: mahali pake huota miti ipendayo jua na kukua upesi, na mbegu nzito za mbau hazina namna ya kusafiri mbali. Mtu akiona kijani kimerudi baada ya miaka kumi hudhani msitu umepona, kumbe ni msitu mwingine kabisa.

Humo ndimo anamoishi okapi, jamaa wa twiga, ambaye kwa mwitu yuko Kongo peke yake. Dunia ya nje ilimtambua kupitia mpaka huu huu: Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza huko Uganda, alielezwa habari zake na Wambuti, wawindaji wa msitu huu, akavuka Semuliki kumtafuta, na mwaka 1901 mnyama akaingizwa kwenye vitabu vya wataalamu. Wambuti walikuwa wakimjua tangu enzi. Okapi mzima ana kilo kati ya 200 na 300, hula majani ya aina zaidi ya mia moja za mimea, na huongezea udongo wa mfinyanzi na mkaa wa miti iliyoungua ili kupata madini. Mimba huchukua zaidi ya miezi 14 na huzaliwa mtoto mmoja tu. Weka hesabu hiyo kichwani: mnyama anayezaa polepole hivyo hawezi kufidia hata mitego michache kwa mwaka. Hifadhi ya Okapi yenye makao yake Epulu ilianzishwa 1992, ikawa Urithi wa Dunia 1996, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambamo imebaki. Juni 2012 waasi walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo wakafa.

Watu wa msitu huu si wa aina moja. Wambuti huwinda kwa nyavu, jamaa zao Waefe zaidi kwa upinde. Majirani zao wakulima, Wabira na Walese miongoni mwao, hupata kwao nyama, asali na nguvukazi, nao hupata mihogo, ndizi na chuma. Wavu wa Wambuti hufumwa kwa nyuzi za gome la utambaazi uitwao kusa, zinazosokotwa pajani. Urefu wake huweza kupita mita 50, na kimo ni cha mita moja na kitu. Wavu mmoja hauna maana. Familia kadhaa hufunga nyavu zao mfululizo kwa umbo la nusu duara, wanaume wakajificha nyuma yake, na wanawake na watoto wakaanzia upande wa pili wakipiga kelele na kuchapa vichaka. Anayenaswa zaidi ni mboloko, yule paa mdogo wa kijivu wa kilo nne au tano, na paa wengine wekundu walio wakubwa kidogo. Uwindaji huu una breki yake ndani: unahitaji watu wengi, siku nzima, na wanyama wakipungua kambi huhama. Msimu wa asali, takriban Mei hadi Julai, nyavu hupumzika kwa sehemu kubwa na watu hupanda miti.

Mtego wa waya hauna breki hiyo. Mtu mmoja hutega kamba mia kwa waya wa breki za baiskeli au wa matairi ya gari, akaondoka. Waya hauchagui: hukamata paa mwenye mimba, sokwe, okapi, na aliyejinyofoa huondoka na jeraha linalooza. Sehemu ya nyama huharibika kabla mwenyewe hajarudi. Mimi nasema wazi: anayewaweka Mmbuti mwenye wavu na mtega waya kwenye kapu moja la "majangili" hajui anachohifadhi. Upande wa Uganda, Wabatwa wa Semuliki waliondolewa msituni na kuwekwa vijijini kando ya barabara karibu na Ntandi, na ujuzi wao wa nyayo na matunda unakufa pamoja na wazee, wakati askari wa hifadhi wangeuhitaji kila siku.

Kuhusu nyama kuna jambo la afya ambalo haifai kulipita. Kirusi kimoja cha jamii ya Ebola kinaitwa Bundibugyo kwa sababu kiligunduliwa wilayani humo mwaka 2007. Mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliotangazwa Mangina karibu na Beni, ulikuwa wa kirusi cha aina nyingine, chenye jina la Zaire. Uliua watu 2,287, na Juni 2019 ulivuka hadi Kasese. Kanuni ni fupi. Usiguse mnyama uliyemkuta amekufa msituni, hasa sokwe, kima au popo. Hatari kubwa ni wakati wa kuchuna na kukatakata, mikono ikiwa na michubuko, kuliko wakati wa kula kilichoiva sawasawa.

Mbao na dhahabu nazitaja kwa kifupi. Mvule na miti ya jamii ya mahogani hupasuliwa palepale msituni kwa msumeno wa mota, bila reli ya kuongozea. Mnyororo wa msumeno hula karibu sentimita nzima kila unapopita, na mkono hauendi sawa, hivyo mara nyingi theluthi moja ya gogo au pungufu ndiyo hutoka kama mbao; zingine zote hubaki maganda na unga. Mbao huvuka Kasindi au Mahagi kwenda Uganda na Kenya. Reli rahisi ya chuma iliyofungwa juu ya gogo ingepunguza hasara hiyo sana, lakini mpasuaji hulipwa kwa idadi ya mbao na mti haumgharimu kitu, basi haraka humshinda. Dhahabu nayo, mbali na mashimo na zebaki inayotiririka vijitoni, huleta kambi za mamia ya watu wanaokula nyama ya porini kila siku. Mara nyingi kambi humaliza wanyama kabla shimo halijamaliza dhahabu.

Zao ninalotaka kukaa nalo ni kakao, kwa sababu ndilo litakaloamua pembezoni mwa msitu huu. Miaka ya 1990 mnyauko wa kahawa uliiangamiza robusta pande zote mbili: kuvu huziba mishipa ya mti, majani yanapukutika, mti unakufa, na udongo unabaki na ugonjwa. Wakulima wa Bundibugyo na Beni wakageukia kakao. Ni mti wa kivuli, na mkulima akitaka anaweza kuvuna chini ya miti ya asili bila kuimaliza. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hutoa miche kama 1,100 kwa hekta. Migomba huikinga miaka miwili ya mwanzo. Baada ya hapo bakiza miti mikubwa 15 hadi 20 kwa hekta. Zaidi ya hapo unyevu hukaa na maganda huoza. Chini ya hapo mti huzaa sana miaka michache kisha huchoka. Usifagie majani chini. Maua ya kakao huchavushwa na visubi wadogo wanaozaliana kwenye majani yanayooza na mashina ya migomba yaliyokatwa. Shamba lililo safi kama uwanja huwa na maua mengi na matunda machache.

Msimu wa mvua adui ni ugonjwa wa maganda meusi. Pita kila wiki, toa kila ganda lenye doa la kahawia, lifukie, na pogoa matawi ili upepo upite. Ukivuna, kata kikonyo kwa kisu, usilivute tunda, kwa maana hapo linapoota ndipo maua ya mwakani yatatokea. Pasua kwa rungu la mti. Panga hukata mbegu na ukungu huingia kwenye mkato. Chachusha ndani ya saa 24, juu ya majani ya migomba yaliyotobolewa ili majimaji yatoke, ukafunika vizuri. Fungu lililo chini ya kilo 50 halipati joto la kutosha, basi majirani waunganishe mavuno. Geuza baada ya siku mbili, tena baada ya mbili, na siku ya sita anika. Harufu ya siki ni dalili njema. Ikianza kunuka kama mkojo umechelewa. Anika kwenye jamvi lililoinuliwa, tabaka jembamba, siku saba hadi kumi, mpaka unyevu ufike asilimia 7. Juu ya 8 huota ukungu ndani ya gunia. Kilo 100 mbichi huwa kama kilo 40 kavu. Lami ya barabarani hukausha upesi lakini huacha vumbi na harufu ya mafuta.

Haya yote wakulima wengi wanayajua. Kinachowakwamisha ni hofu. Eneo la Beni, ambako waasi wa ADF wameua raia tangu 2014, mtu hawezi kulala karibu na jamvi lake kwa siku kumi. Wezi nao wanajua msimu. Basi maganda hukatwa kabla hayajaiva, mbegu huuzwa mbichi siku ileile, na mnunuzi mwenye pikipiki huvusha mpaka kwenda Bundibugyo, zinakochanganywa na za huko. Bei ya mbegu mbichi na mbovu ni ndogo, mapato yakiwa madogo mkulima hupanua shamba, na kupanua kwenyewe ni kuufyeka msitu.

Sasa imeingia sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umekuwa ukiahirishwa: kakao isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba liwe na viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani. Shamba la hekta 4 au pungufu linatosha nukta moja yenye tarakimu sita baada ya desimali. Likizidi hapo, mpaka wake wote. Chini ya miti minene simu hupotoka mita nyingi, hivyo tafuta upenyo wa anga, simama dakika mbili au tatu, na usirekodi mpaka simu ionyeshe usahihi wa mita 5. Vyama vya wakulima viandike uzito mbichi, tarehe na jina la shamba kila wanaponunua, kabla mbegu hazijachanganywa. Shamba dogo la kawaida hutoa kati ya kilo 400 na 600 kavu kwa hekta kwa mwaka. Daftari likionyesha nusu hekta imetoa tani mbili, mkaguzi ataona mara moja kwamba mbegu zilivuka mto, na shehena nzima, pamoja na ya yule aliyebakiza mivule yake, itakataliwa.