Kuzifuata barua za mama

Julai 2016 tulipanda treni Leicester, mimi na mama mdogo, kwenda London kutazama maonyesho ya msanii Mona Hatoum pale Tate Modern, jumba la sanaa. Baada ya saa moja na ushei tukawa kituo cha St Pancras, kisha treni nyingine hadi Blackfriars, kituo kilichokaa juu ya daraja, Mto Thames ukipita chini ya miguu yetu.

Hatoum ni Mpalestina aliyezaliwa Beirut mwaka 1952. Mwaka 1975 alikwenda London kutembea tu, vita vikazuka Lebanon, njia ya kurudi ikafungwa.

Tulikaa sana mbele ya Measures of Distance, filamu yake ya dakika 15 ya mwaka 1988. Ni picha za mama yake akioga, na juu yake umetandazwa mwandiko wa barua alizompelekea bintiye kutoka Beirut, mistari ya Kiarabu kama pazia. Mama mdogo aliinamisha macho. "Stara iko wapi, mwanangu?" Lakini nyuma ya sauti ya Hatoum, anayezisoma barua kwa Kiingereza, wanasikika yeye na mama yake wakizungumza Kiarabu na kucheka, kicheko cha watu waliojifungia chumbani kwao. Mama mdogo akainua uso, asiuinamishe tena.

Mimi nilikuwa nazifuata herufi. Chuoni Unguja tulifundishwa kuzitamka, hii mim, ile nun, maana hatukupewa. Na kwa herufi hizo hizo bibi alituandikia barua za Kiswahili, za Kizungu hakuzijua. Basi nikawa natamka neno moja moja moyoni, nikingoja Kiswahili kitoke. Hakikutoka. Nililia.

Barua ya mwisho inaeleza kwamba posta ya mtaani imebomolewa na bomu lililotegwa garini.

Chumba kingine, sakafuni, vimepangwa vipande zaidi ya 2,000 vya sabuni ya Nablus, mji wa Wapalestina, ile ya mafuta ya zeituni. Hatoum aliifanya kazi hiyo Jerusalem mwaka 1996. Shanga ndogo nyekundu zimedidimizwa ndani ya sabuni kuchora ramani ya ardhi waliyogawiwa Wapalestina katika Makubaliano ya Oslo ya 1993, kati yao na Israeli: vijisehemu vilivyotawanyika kama visiwa. Mama mdogo alichuchumaa kama mtu aliye mbele ya karo la kufulia.

"Sabuni," akasema. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. "Na ikimwagiwa maji?"

Sikuwa na jibu.

Treni ya kurudi ilipopita Bedford nilimuuliza kama barua za bibi bado zipo. Zimo sandukuni, akasema, ila macho yake hayaoni tena wino ule. Kisha akaanza kuisoma moja kwa ghibu, taratibu, akitazama dirishani: "Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali nasi..." Akakwama hapo, akarudia tangu mwanzo.