Daku na Kiti cha Chuma

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Mei 2019, tulikusanyika kwa mama mkubwa, Magomeni, kuisubiri sehemu ya mwisho ya msimu wa nane, ambao ndio wa mwisho, wa Game of Thrones, tamthilia ya Marekani kuhusu koo zinazogombea kiti cha enzi cha chuma, ambayo pwani ya mashariki ya Marekani ilirushwa Jumapili saa tatu usiku na kwetu ikaingia saa kumi kamili alfajiri. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umefika katikati, hivyo nyumba nzima ilikuwa macho kwa ajili ya daku, na sinia la wali na maharagwe ya nazi liliwekwa mkekani mbele ya televisheni bila mtu yeyote kuona ajabu.

Nilikwenda pale nikiwa na wasiwasi. Msimu wa tano ulipofungwa mwezi Juni 2015, Jon Snow, mmoja wa mashujaa wake, aliachwa amelala thelujini, amechomwa visu na wenzake, nasi tukangoja hadi Aprili mwaka uliofuata bila kinyongo, kwa sababu msimu una haki ya kufungwa ukiwa na deni. Hitimisho la tamthilia nzima halina haki hiyo. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ukapewa saba, na huu wa nane sita tu, huku madeni yakiwa mengi kuliko wakati wowote.

Daenerys, malkia mwenye majoka, alipochomwa kisu na Jon mbele ya kiti cha enzi, binamu yangu aliacha tonge hewani. Kisha joka lake Drogon likamwaga moto juu ya kile kiti kilichofuliwa kwa panga, chuma kikayeyuka na kutiririka sakafuni, na hapo nilikiri moyoni kwamba watengenezaji walijua kupiga picha. Sikuona kosa katika kifo chenyewe. Hata ukatili wa Daenerys wa kuuteketeza mji uliokwisha kupiga kengele za kusalimu amri ningeukubali, laiti tungepewa nafasi ya kumwona akigeuka hatua kwa hatua badala ya kumkuta amekwisha geuka.

Likafuata baraza la wakubwa, ambamo Tyrion, mshauri wa Daenerys aliyegeuka mfungwa, aliyeletwa na minyororo mikononi, aliwashawishi wampe Bran, kijana mwenye maono, ufalme kwa hoja kwamba hakuna mwenye hadithi bora kuliko yake. Mama mkubwa, ambaye hakuwa amefuatilia hata msimu mmoja, aliweka kikombe chini.

“Huyo kijana amefanya nini hata apewe ufalme?”

“Anajua habari za watu wote, mama, za leo na za kale,” alijibu binamu.

“Kama ni kujua habari za watu, basi bibi yenu angetawala tangu zamani.”

Tulicheka hadi tukapitwa na maneno mawili matatu ya Sansa, dada yake Bran, naye ndiye aliyekuwa akidai kaskazini ijitawale. Sijasoma uhakiki wowote ulioigusa kasoro ya kumtawaza Bran vizuri kuliko maneno yale ya mama mkubwa. Kilichonifurahisha mimi ni kitu kidogo: Tyrion, akiwangoja wajumbe wa baraza jipya, anavipanga viti mezani, anavinyoosha, anarudi kuvinyoosha tena, peke yake, bila neno. Onyesho lile halikuharakishwa, na ndiyo sababu lilikuwa na uhai.

Adhana iliingia kipindi hakijamalizika. Tulikunywa maji ya mwisho harakaharaka, wanaume wakatoka kwenda msikitini, nami nikabaki kuona Jon akivuka lango kuelekea kaskazini ya mbali.

Wakati huo watu zaidi ya milioni moja walikuwa wametia saini ombi la kutaka msimu ule urudiwe upya na waandishi wengine, na binamu akaniletea simu yake nami nitie jina langu. Nilikataa. Benioff na Weiss, watengenezaji wa tamthilia hiyo, waliamua wenyewe kuifunga hadithi hapo, na uamuzi ulikuwa wao. Mimi ningeomba sehemu nne zaidi, na mwisho ubaki uleule.