Fundi aliyeuliza maswali kabla ya kutaja bei

Nyumba yetu ya Chanika iliingizwa umeme mwaka 2019. Aliyesuka nyaya alikuwa kijana wa mtaani, ana adabu na bei yake nafuu, nami nikaona inatosha. Fomu ya TANESCO ilipotaka mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, akaniambia, "Mama, hiyo niachie mimi." Akachukua hela, kesho yake akaja na karatasi iliyogongwa mhuri. Mwenye mhuri sijawahi kumtia machoni, na yeye hakuwahi kukanyaga kwangu.

Mimi naoka keki nyumbani. Mwaka jana nilinunua oveni ya wati 3000, nikaichomeka kwenye soketi ya jikoni. Kila nikiiwasha pamoja na birika, breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inashuka. Nikamwita kijana yule yule. Akafungua meni switchi, akatoa breka ya ampea 16, akapachika ya 32. Kazi ya dakika kumi, nikampa elfu 20 na chai juu. Kweli, haikushuka tena.

Wiki ya tatu, saa tano usiku, nina oda ya keki ya harusi, nikasikia harufu ya plastiki. Soketi ilikuwa imelainika kama mshumaa, upande mmoja umeungua, na ukuta juu yake una joto ukiweka kiganja. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo anapolala mwanangu wa miaka minne. Nilizima meni switchi, nikamhamishia mtoto chumbani kwetu, na usingizi wangu ukaishia hapo.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani ambaye kazi alifanyiwa miaka mitatu nyuma na mpaka leo haijamsumbua. Nilimuuliza bei kwenye simu, akakataa kuitaja. "Nije nione kwanza, dada." Alipofika akaanza kuuliza: una vitu gani vya umeme, unavitumia saa ngapi, vipi vinawaka kwa pamoja, unatarajia kuongeza nini? Akainama nyuma ya kila chombo kusoma kibandiko na kuandika wati zake. Kisha akanipigia hesabu kwenye daftari: wati gawanya kwa volti 230. Oveni ampea 13, birika karibu 10, friji juu yake. Vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye waya mmoja mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, waya wa taa.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo natamani kila mwenye nyumba alijue. Breka imewekwa kuulinda waya ulio ukutani. Ile ya 16 iliposhuka ilikuwa inatuokoa. Ya 32 ilitulia tu huku waya unaungua. Fundi anayeongeza ukubwa wa breka bila kugusa waya, usimruhusu amalize.

Akakata kipande cha waya ule, akaukwangua kwa kisu. Shaba ikatoka kama rangi, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Mimi nililipia shaba tupu.

Akauliza pia kama oveni hunitekenya. Nilishtuka, maana mikono ikiwa na maji nilikuwa nahisi kama sisimizi wananipita vidoleni, nikadhani ndivyo oveni zilivyo. Tukazunguka nyuma ya nyumba kuufuata waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha nondo, na alipokivuta kwa mkono kikatoka ardhini. Hakikufika hata futi moja. Mahali pake alipigilia fito ndefu ya shaba, kwenye kona yanakomwagikia maji ya karo, kwa kuwa mchanga wetu mkavu haupitishi umeme vizuri.

Kabla hatujapatana nilimwomba leseni. Hakununa. Akanionyesha leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nikasoma jina, daraja na tarehe ya kwisha, nikalinganisha na kitambulisho chake. Cheti cha VETA, cha mafunzo ya ufundi, nacho anacho, lakini kile kinaonyesha amesomea ufundi; cha kuuliza ni leseni. Nikamuuliza pia nani hasa atashika koleo, yeye au vijana wake. Akasema ni yeye na msaidizi mmoja, na ikawa hivyo.

Vifaa nilinunua mwenyewe Kariakoo kwa orodha yake, naye akaniambia nikwangue waya dukani kabla ya kulipa. Muuzaji wa kwanza alikataa, nikahamia duka la pili. Hela ya ufundi nililipa mara tatu, na fungu la mwisho alisubiri mpaka oveni, birika na friji viwake pamoja saa nzima, mimi nimeweka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Oveni sasa ina waya wake mnene wa milimita 4 za mraba kutoka meni switchi, na breka ya 20.

Ndani ya mlango wa meni switchi amebandika mchoro mdogo: breka hii jikoni, hii sebuleni, hii taa za nje. Vyumba vya kulala bado vina nyaya za 2019. Anarudi mwezi ujao, na safari hii anaanzia chumba cha mtoto.