Nondo wa viazi na kipepeo wa mlimao

Jamani jana usiku hapa Uyole nondo mkubwa kaingia ndani, ukimkunjua mabawa anajaza kiganja, anazunguka taa na mgongoni ana alama kama fuvu la mtu. Shangazi kashika ufagio anasema huyo katumwa, nikamwambia shangazi subiri kwanza, nikamfunika taratibu na kanga akalia, yaani analia kabisa kama panya!! Kiwavi wake ndo yule mnene tunayemkuta kwenye majani ya viazi mviringo, anajichimbia udongoni anageukia huko huko, akishakuwa nondo anaingia kwenye mizinga kuiba asali ya nyuki. Sasa kwenye mlimao wetu kuna viwavi wengine, wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakubwa wa kijani ukiwagusa wanatoa vipembe vya rangi ya chungwa vinanuka balaa, hao ndo wanakuwa wale vipepeo weusi wenye madoa ya njano, wa mchana, vipapasio vyao vina kifundo kwa mwisho.

Kipepeo anapigwa picha, nondo anapigwa ufagio, inaniuma kweli. Nimemwachia migombani usiku ule ule.