Nilivyopata Kireno mjini Natal, kwenye asili ya mkorosho

Nilifika Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwezi wa Februari, na mtihani ulikuwa Oktoba. Nilikwenda kwa mpango wa serikali ya Brazili unaopokea vijana wa nchi zinazoendelea wakasome shahada ya kwanza bila ada. Asiyetoka nchi inayotumia Kireno husoma lugha kwanza, kisha hufanya mtihani uitwao Celpe-Bras. Ukifeli, unarudi kwenu. Kwetu ni Newala, kusini mwa Tanzania, wazazi wangu wanalima korosho, na nauli yangu ilichangwa na ukoo mzima. Nisingeweza kurudi mikono mitupu.

Miezi miwili ya mwanzo sikupata kitu. Kila neno nililipitisha kwenye Kiingereza kwanza ndipo nilirudishe kwenye Kiswahili, na mpaka nimalize, mwenzangu ameshamaliza sentensi tatu. Sauti ya puani kama ya "pão", yaani mkate, ilinishinda. Tena rekodi za darasani zilikuwa na lafudhi ya Rio de Janeiro, ambako "tia", shangazi, hutamkwa "chia", wakati jirani zangu wa Natal walisema "tia" kama lilivyoandikwa.

Aliyenitoa hapo ni mama mwenye nyumba niliyopanga chumba. Asubuhi moja mjukuu wake alipita akamwambia, "Bença, vó." Bibi akajibu, "Deus te abençoe." Mtoto anaomba baraka, mkubwa anampa. Nilisimama palepale mlangoni, maana hiyo ni shikamoo na marahaba! Kuanzia siku ile nikawa namwamkia hivyo kila asubuhi, naye akanivuta jikoni.

Jikoni ndiko nilikosoma hasa. Muhogo Natal huitwa macaxeira, Rio huitwa aipim, São Paulo ni mandioca, kwa hiyo mtu akiutaja tu unaanza kuhisi ametokea wapi. Wanga wake mama aliumwaga kwenye kikaango kikavu, ukashikana ukawa kama chapati nyeupe, akaweka nazi ya kukuna katikati: tapioca. Unga wa muhogo uliokaangwa walinyunyiza juu ya wali na maharage kila mchana. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini, Wareno ndio walioufikisha Afrika. Nanasi nalo ni la kwao, na jina tulilonalo limetoka kwenye lugha ya Watupi, wenyeji wa pwani ile. Na korosho! Watupi walisema acaju, Wareno caju, na wazee wa pwani yetu hadi leo wapo wanaouita mti huo mkanju. Nimekulia chini ya miti hiyo na sikuwa najua.

Nikafungua daftari. Kushoto Kiswahili, kulia Kireno, Kiingereza marufuku. Nilianza na maneno ambayo Wareno walituachia: meza ni mesa, bendera ni bandeira, kopo ni copo, leso ni lenço, foronya ni fronha, mvinyo ni vinho. Igreja ni kanisa, nalo ndilo lililotupa gereza. Kisha nikatafuta yale ambayo Afrika iliwapa wao. Caçula, kitinda mimba, limetoka Kimbundu cha Angola, ndugu wa Kiswahili. Hapo daftari lilikuwa zito mkononi, kwa sababu maneno hayo yalivuka bahari ndani ya majahazi ya watumwa. Waafrika karibu milioni 5 walipelekwa Brazili, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, na utumwa ulifutwa huko mwisho kabisa, tarehe 13 Mei 1888.

Likizo ya Julai nilipanda basi kwenda Salvador, kilomita zaidi ya 1,000, nikilala na kuamka njiani. Nilipofungua ramani nikaona nimesogea kidogo tu kwenye ukingo wa nchi. Brazili ina kilomita za mraba milioni 8.5, Tanzania tisa kwa ukubwa. Ina majimbo 26 na wilaya ya makao makuu, na imepakana na nchi zote za bara lile isipokuwa Chile na Ekwado. Salvador ilikuwa mji mkuu hadi 1763, ikafuata Rio, kisha Brasília iliyojengwa katikati ya nchi na kuzinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Hilo mtu aliyeona serikali ikihamia Dodoma halimpi shida. Pale Salvador nilinunua acarajé kwa mama aliyevaa nguo nyeupe: kunde za kusaga zilizokaangwa kwa mawese, jamaa kabisa wa bajia zetu. Niliongea naye nusu saa, na kwa mara ya kwanza sikutafsiri chochote kichwani.

Mtihani wa mdomo ni dakika 20. Msimamizi aliniwekea picha ya soko la matunda, na pembeni kulikuwa na rundo la mabibo. Nikamweleza habari za mkorosho wa Pirangi, karibu na Natal, mti mmoja ambao matawi yake huinama, hugusa ardhi na kutoa mizizi, hadi umefunika mita za mraba kama 8,500. Nikamweleza na shamba la baba. Muda uliisha nikiwa bado naongea.

Matokeo yalipotoka nilimpigia simu mama yangu. Alishukuru Mungu, kisha akauliza wale Wabrazili mabibo wanayafanyia nini, maana kwetu yanayokosa kuwa uraka, pombe ya mabibo, huozea shambani. Nikamwambia: wanayakamua, wanatia jelatini, unga wa kugandishia vyakula, ili ule ukakasi ujigande utuame chini, wanachuja mpaka maji yang'ae, wanafunga kwenye chupa na kuzichemsha chupa zenyewe ndani ya maji mpaka kinywaji kigeuke rangi ya asali. Kinaitwa cajuína, hakina kilevi na hawatii sukari.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza hiyo jelatini Newala ataipata duka gani.